Nasadiki Tatu za Amparo

Jumatatu, Juni 3

Daftari hili ni la kampuni. Mhandisi Jimena aliliweka mezani kwangu leo asubuhi, jipya, akasema, "Don Chencho, kila kitu unachofanya mkono wako jikoni, kiandike humu. Hata ukijikuna."

"Watu wa Guatemala watafaidika nini nikijikuna?"

"Huwezi kujua. Pengine siri iko hapo."

Tulicheka. Nimemjua tangu ana meno mawili, akiletwa jikoni na baba yake kulamba mwiko.

Basi naandika. Mimi ni Crescencio Rangel, Chencho kwa wanaonijua, nina miaka hamsini na tisa. Napika kajeta ya kuungua hapa Celaya, Meksiko, katika kampuni ya La Higuera, huu mwaka wa thelathini na moja. Maziwa ya mbuzi na sukari, sufuria ya shaba, moto wa kuni, saa tano mpaka yawe mazito na yapate rangi ya kahawa. Koroga bila kusimama. Hilo ndilo sharti la kwanza, na kila anayekuja kujifunza huambiwa hilo kabla hajaambiwa choo kiko wapi.

Mke wangu Amparo alifariki tarehe 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Hilo Jimena hakuniomba niliandike.

Juni 4

Mvua ya kwanza. Nilianua nguo zangu peke yangu, nikasahau soksi.

Juni 7

Leo Jimena alitukusanya uani watu wote, wa kupika, wa kufungasha na madereva, akapanda juu ya kreti ya chupa.

Alisema baba yake, don Evaristo, hakuwahi kupanga kuuza ng'ambo. Watu wa hapa walikwenda Texas na Chicago kutafuta kazi, wakawa wanarudi na masanduku matupu, wakiondoka yamejaa kajeta. Kisha mwenye duka mmoja kule akaandika barua kuomba makasha kumi. Ndivyo tulivyovuka mpaka, katika mizigo ya watu waliokumbuka nyumbani.

"Sasa wakubwa wa ng'ambo wameonja wakaona inauzika," alisema. "Wanatengeneza yao, ya maziwa ya ng'ombe na rangi. Tusipotoka sisi, watakuja wao mpaka mlangoni. Kwenye mkate walishafika. Kwenye maji ya kunywa walishafika."

Ndiyo maana mwezi wa pili kampuni ilinunua kiwanda cha peremende huko Quetzaltenango, Guatemala. Wenye kiwanda walikuwa wamezeeka. Kina matangi ya chuma ambayo moja linameza sufuria zetu kumi. Mtu akauliza kwa nini Guatemala. Jimena akasema mtoto anajifunza kutembea kwa kushika kiti kilicho karibu: wanazungumza kama sisi, ulimi wao unapenda tunachopenda, wakikosea tunaelewana. Kajeta ya kawaida tayari inatoka huko vizuri. Ya kuungua imekataa. Na mnunuzi mkubwa wa Texas anataka ya kuungua, nyingi kuliko tunavyoweza hapa hata tukipika usingizini. Anaitaka kufikia mwisho wa Oktoba. Isipokuwepo, anakwenda kwa wale wakubwa.

Tacho, shemeji yangu, mdogo wake Amparo, ndiye mtia kuni wetu. Hana breki mdomoni. "Na jiko letu je, Mhandisi?"

Jimena hakukwepa. "Jiko la shaba litaendelea kuwaka maadamu kule hawajaweza kuunguza."

Tacho akanigonga kiwiko. "Umesikia, shemeji? Uwe mwalimu mbaya."

Nilicheka, kisha nikaenda kukaa jikoni. Kigoda cha Amparo kiko palepale, kando ya nguzo, alipokuwa anakaa nikipika. Nyumbani dada zake walikuja Aprili wakachukua nguo, wakapaka chumba rangi ili nisihuzunike. Walifanya kwa wema. Lakini sasa nyumbani hayupo. Yupo hapa tu.

Juni 11

Maziwa mepesi. Mbuzi wanakula majani mabichi.

Juni 17

Amefika mwanafunzi. Nilitarajia kijana mwenye kalamu masikioni. Ni mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, amevaa blauzi ya kufuma ya kwao yenye ndege wekundu, anaitwa doña Floridalma Coyoy. Amepika peremende kiwanda kile miaka ishirini na sita. Alimpa Tacho mkono, akamwangalia alivyojaa masizi.

"Wewe ndiye mpishi?"

"Mimi ndiye kuni, mama."

"Naona. Umeungua upande mmoja tu."

Tacho akapenda. Akamletea gordita mbili za nyama, vile vimikate vinene vya mahindi, bila kuombwa.

Nilimpa kijiko cha kajeta ya jana. Alionja, akafunga macho, akafungua. "Tamu. Lakini mwaka jana mlitutumia chupa moja, tukaificha ofisini tunakula kidogokidogo kama dawa. Hii siyo ile."

"Ni ileile."

"Don Chencho," alisema taratibu, "siyo ile."

Anasema kweli. Mimi najua tangu Machi. Tacho anajua. Rangi imepauka, na ule uchungu mdogo unaokuja nyuma ya utamu haupo. Tumelaumu maziwa, kuni, mvua. Hakuna aliyetamka.

Juni 18

Niandike hili vizuri kwa ajili ya Jimena.

Maziwa yakishakuwa mazito, mwiko ukipita unaona chini ya sufuria, shaba inang'aa kisha inafunikwa. Hapo kajeta ya kawaida huondolewa. Ya kuungua inabaki motoni kwa muda wa Nasadiki tatu, yaani kusali ile sala ya imani mara tatu. Amparo alikuwa anasimama, anajifuta mikono, anasali kwa sauti. Amina ya tatu, mimi na Tacho tunanyanyua sufuria. Jikoni kwetu hakukuwa na saa, mvuke uliziua zote. Mama yake alipima hivyo, na bibi yake. Kabla sijaoa niliambiwa nisali mwenyewe, lakini nilikuwa naharakisha, na kajeta inajua mtu mwenye haraka.

Tangu Machi nasali mimi.

Leo Jimena alisimama na simu yake akipima. Nasadiki tatu zangu, sekunde tisini na tisa. Za doña Flori, themanini na nne.

"Ala!" akasema Tacho. "Kwenu Mungu ana haraka?"

"Kwetu anasikia mara moja, don Tacho. Siyo kiziwi kama wa kwenu."

Zote mbili zilitoka zimepauka.

Juni 19

Sekunde mia na ishirini. Imepauka.

Juni 20

Mia na arobaini. Imeanza kuwa ngumu, rangi bado.

Juni 21

Mia na themanini. Gundi chungu. Doña Flori alisema kwao wangeitumia kuziba bati.

Juni 28

Wiki nzima hivyo. Tumebadili kuni, tumebadili maziwa, tumepunguza moto. Ama imepauka ama imekufa, hapo katikati hapana kitu. Jimena ameleta kipimajoto kutoka León, na mtaalamu wa kukisoma. Mtaalamu alionja, akasema ni nzuri sana. Doña Flori alimtazama kwa huruma.

Julai 6

Amparo alikuwa anatia chumvi punje tatu kwenye kahawa. Nimejaribu. Sikuweza kuimaliza.

Julai 15

Mvua siku nne mfululizo. Uani maji yanafika kifundoni.

Nilidhani Jimena ana moyo wa chuma kama matangi yake. Leo nimemkuta ameketi jikoni peke yake wakati wa chakula, anakula nopales, yale majani ya mpungate, kwenye kopo, viatu amevua. Alitaka kuondoka. Nikamwambia akae.

"Baba alikuwa anaweza kupika hii?" aliniuliza.

"Don Evaristo? Alikuwa anaweza kuiuza. Kupika, aliunguza mpaka kofia yake."

Alicheka kidogo. "Alitaka iende mbali. Aliniambia kwamba watu wanadhani nchi kama zetu zinatoa mikono tu, hazitoi kitu chenye jina. Nami nimenunua kiwanda chenye watu themanini na watatu, don Chencho. Wanatuita 'wale Wameksiko' wakidhani sisikii. Mnunuzi akiondoka nitakifunga. Siwezi kukibeba."

Nilimkaangia tortilla, chapati ya mahindi.

Julai 22

Doña Flori anasali, nakoroga. Anakoroga, nasali. Bure.

Agosti 2

Tacho anafurahi tukikosea. Hafichi. Leo alipiga mluzi.

Agosti 14

Naandika nikiwa makaburini, nimeegemea ukuta, mvua imekatika sasa hivi tu.

Leo ni siku ya Anselmo, mwanetu. Alizaliwa tarehe tatu Agosti mwaka 1990 na aliishi siku kumi na moja. Kila mwaka tulikuja wawili, mimi na mama yake, mimi nikikata nyasi, yeye akipangusa jiwe kwa aproni. Mwaka huu nimekuja mmoja, na jiwe ni moja, maana Amparo tulimweka naye. Nimekata nyasi, nimepangusa. Kisha nikaona hakuna wa kusali, basi nikaanza mimi, kwa sauti, Nasadiki.

Nilipofika "akafa, akazikwa", sauti ilinikatika. Si kwa kutaka. Neno lilinisimama kooni, nikangoja lishuke, ndipo nikaendelea.

Na nikiwa pale nimenyamaza nikausikia ule ukimya. Niliujua. Nimekaa ndani yake miaka ishirini na tisa.

Amparo alikuwa anasimama hapohapo. "Akafa, akazikwa," kisha kimya, kisha anameza mate, kisha anaendelea. Kila mara, kila Nasadiki, mara tatu kila sufuria. Na alipokuwa ananyamaza, mkono wangu ulisimama. Sikuwahi kuamua. Mkono ulikuwa unafuata sauti yake, sauti ikikatika mkono unangoja. Mwiko unatulia, kajeta inalala juu ya shaba, inashika chini. Mara tatu. Huo ndio muunguo. Siyo muda, ni kule kusimama. Nami nimewafundisha watu maisha yangu yote wasisimame.

Lakini hicho sicho kilichonifanya nikae hapa chini kwenye matope.

Nilidhani ni moshi. Miaka yote ile nilidhani anakohoa moshi anaumeza. Mwaka fulani nilifungua hata dirisha la pili ukutani, kwa mikono yangu, siku mbili za kazi, ili moshi umtoke. Akanishukuru. Akasema, "Sasa afadhali, mzee wangu." Na kesho yake alinyamaza palepale.

Sikumwuliza hata mara moja. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa kwa kiwiko, alikuwa anamzika mtoto wetu mara tatu kila asubuhi, nami nilikuwa natazama sufuria.

Agosti 16

Doña Flori alikwenda Jumba la Posta kutuma vitu kwao. Tulibaki mimi na Tacho. Nilisali nikikoroga. Nilipofika pale nilisimamisha mwiko nikahesabu kimoyomoyo mpaka mkono wenyewe ulipotaka kuendelea. Mara tatu.

Tacho alichovya kidole. Akavua kofia.

"Dada," alisema.

Nikamweleza. Alilia akiwa ameshika ukuni mkononi, hakuuweka chini. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa Anselmo alipofariki, ndiye aliyebeba jeneza kwapani, maana lilikuwa dogo, halikuhitaji watu wawili.

Alipopoa alisema, "Usimwambie mtu."

"Tacho."

"Usimwambie mtu, shemeji. Hii ni ya kwake. Na jiko litabaki."

Nikasema sawa. Mungu anajua nilisema haraka.

Agosti 19

Kajeta nzuri.

Agosti 20

Kajeta nzuri.

Agosti 23

Doña Flori akishika mwiko nasali moja kwa moja, inapauka. Nikishika mimi namtuma nje, nasali kimoyomoyo nikisimama pale, inatoka ile yenyewe. Leo ameonja ya kwangu.

"Hii ndiyo! Umefanya nini?"

"Maziwa," nikasema. "Yamebadilika."

"Maziwa ya kwangu na ya kwako yametoka kwa mbuzi walewale, don Chencho."

"Basi ni mkono."

Aliangalia mikono yake, mbele na nyuma. Sijapenda nilivyomfanya aiangalie.

Agosti 27

Mvua ya mawe. Kigae kimoja kimevunjika juu ya kigoda cha Amparo. Nimekisogeza kushoto, hatua mbili. Kutwa nzima nimekuwa namtafuta kulia.

Agosti 30

Leo nilikuwa nyuma ya stoo nikipanga kuni. Doña Flori alikuja upande wa pili kupiga simu kwao, hakuniona. Alikuwa anazungumza na mtu anayemwita mwanangu, lakini si mtoto wake, ni msimamizi wa matangi.

"Hapana, mwanangu, Wameksiko si wabaya. Mzee ananifundisha kwa moyo wote, ananilisha, ananitania. Tatizo ni mimi. Ulimi wangu umekufa, mkono umezeeka. Miaka ishirini na sita nilidhani najua kazi. Waambie wenzako wasinilaani. Waambie nilijaribu."

Kisha akakata simu, akasimama akijipangusa uso kwa wale ndege wekundu wa begani.

Mzee ananifundisha kwa moyo wote.

Septemba 1, Jumapili

Sikwenda misa. Niliona aibu kufika kwenye neno lile mbele ya watu.

Septemba 3

Nimemwambia.

Sikupanga. Alikuwa anakoroga, chini ikaonekana, nikaanza kusali, nilipofika pale nikamshika mkono. "Simama, doña Flori."

"Itashika!"

"Iache ishike."

Tulisimama wote wawili, mkono wangu juu ya wake. Kisha nikamwachia, nikaendelea. Mara tatu. Tuliponyanyua sufuria alikuwa ameshaijua kwa harufu kabla hajaonja. Aliweka kijiko chini.

"Umejua lini?"

"Wiki tatu."

Nikamweleza Amparo alivyokuwa ananyamaza pale, kisha nikangoja anitukane. Alikuwa na haki. Alisema, "Mama yule alikuwa anamzika nani?" Yaani alielewa mara moja, kwa dakika moja, kitu nilichokosa miaka ishirini na tisa. Nikamwambia. Siku kumi na moja. Anselmo.

"Mimi wangu alikuwa na miezi mitano," alisema.

Baadaye aliniuliza kama aseme kwa Jimena au anyamaze. "Wewe ndiye mwenye kupoteza kitu, don Chencho. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza, niende nyumbani mjinga."

Nikamwambia nitasema mwenyewe.

Septemba 4

Jimena aliandika haraka, hakuinua uso. Sekunde mia na ishirini na sita kwa jumla. Vituo vitatu vya sekunde tisa, mikono ya tangi isimame kabisa. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi.

"Wahandisi wa kule watauliza vituo ni vya nini. Niandike sababu gani?"

"Andika ni kwa ajili ya moshi."

"Kule hakuna moshi, ni mvuke wa bomba."

"Basi usiandike kitu."

Ndipo akainua uso. Ana akili yule binti; hakuuliza tena. Alifunga daftari lake, akasema kwa sauti ndogo, "Don Chencho, unajua maana yake kwa jiko."

"Najua."

"Ningeweza kukudanganya kwamba litabaki. Mnunuzi hataki tena shaba wala kuni, na mimi sina maziwa ya kugawa sehemu mbili."

"Usinidanganye," nikasema. "Ulikuwa mtoto mkweli."

Septemba 5

Tacho alinikuta kisimani pa kuoshea sufuria. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Umemuuza dada yangu kwa sekunde tisa."

"Tacho, kule kuna watu themanini na watatu."

"Mimi siwajui. Wewe unawajua?"

"Namjua mmoja."

"Na mimi nilikuwa nakujua wewe," akasema, akaondoka na kuacha moto ukiwaka.

Septemba 6

Doña Flori ameondoka. Aliniachia kitambaa cha kufuma, cha kufunikia mkate. Alimtafuta Tacho kumuaga, hakumpata.

Septemba 16

Sikukuu ya taifa. Fataki, mvua, fataki.

Septemba 27, Ijumaa

Leo tumepika mara ya mwisho.

Tulikuwa watatu tu, pamoja na Jimena; alitaka kuleta mpiga picha nikamwomba asilete. Tacho alikuja. Amevaa shati safi, alitia kuni bila kunitazama. Maziwa yalikuwa mepesi sana, yalichukua saa tano na nusu kufika chini, kana kwamba nayo yalikuwa yanavuta muda. Shaba ilipoonekana, nilifungua mdomo nisali, sauti ikagoma kabisa. Mwiko ulikuwa unazunguka na hakuna neno.

Tacho ndiye aliyeanza. Kutoka kule chini kwenye kuni, amepiga magoti, masizi mpaka kwenye nyusi. Alisali Nasadiki zote tatu, na kila alipofika pale alinyamaza muda uleule, sawasawa kabisa, na mkono wangu ulisimama wenyewe.

Tulinyanyua sufuria. Akaumwagia moto maji. Ulipiga kelele kwa muda mrefu.

"Nitakuwa kwenye kufungasha kuanzia Jumatatu," aliniambia.

"Njoo ule nyumbani Jumapili."

"Bado, shemeji," akasema. "Bado."

Septemba 30

Wamechukua sufuria. Kubwa kuliko zote itakaa mlangoni pa ofisi, itiwe maua. Kigoda nimekileta nyumbani. Kimegoma kukaa vizuri sakafu hii, kinacheza.

Oktoba 9

Jimena anataka niende Quetzaltenango kuonja tangi la kwanza. Anasema mnunuzi anataka jina la mwonjaji kwenye karatasi. Sijawahi kupanda ndege.

Oktoba 12

Nimekubali. Sikumwambia kwa nini.

Oktoba 17, Quetzaltenango

Siku mbili njiani. Mji uko juu, baridi, mlima mmoja unatoa moshi kidogo na hakuna anayeutazama. Doña Flori alinipokea na atole, uji wa mahindi, wa moto. Wafanyakazi wanamwita mama Flori, naye huku ana sauti kubwa kuliko alivyokuwa kwetu. Kijana wa matangi alinishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye Mmeksiko mzuri." Wenzake wakamzomea.

Niandike sasa ukweli, kwa kuwa daftari hili sitamrudishia Jimena. Nilikuja nikitumaini itakosea. Nimesafiri siku mbili na tumaini hilo kifuani kama mtu aliyeficha kitu forodhani. Nilitaka ipungue kidogo tu, kiasi ambacho ningekihisi mimi peke yangu na kisimzuie mnunuzi, ili nijue kwamba pana kitu alichokuwa nacho Amparo ambacho chuma hakiwezi kukibeba.

Tangi lina kioo. Ndani mikono miwili ya chuma inazunguka. Watu kumi na wawili walikuwa wamesimama, mmoja anasimulia harusi ya binamu yake, wengine wanacheka. Chini ya tangi ikaonekana. Kijana akabonyeza kitufe. Mimi nikaanza kusali moyoni, kwa mwendo wa Amparo.

Akafa, akazikwa. Mikono ya chuma ikasimama.

Yule wa harusi aliendelea kusimulia. Bibi arusi alikuwa ameteleza kwenye ngazi za kanisa. Doña Flori aliinamisha kichwa, yeye peke yake. Sekunde tisa. Mikono ikaanza tena kuzunguka. Ikasimama mara ya pili. Ikasimama mara ya tatu.

Walinipa kijiko. Wote wakanyamaza, hata wa harusi.

Ilikuwa ileile. Rangi ileile, utamu uleule, na nyuma yake ule uchungu mdogo. Niliutafuta upungufu kwa ulimi wangu wote, mbele, nyuma, pembeni. Haukuwepo. Mtu angenifunga macho ningesema ni Jumanne ya kawaida na Amparo ameketi kando yangu.

"Don Chencho?" akasema doña Flori.

Ningeweza kusema siyo. Walikuwa wananiamini. Nikasema, "Ndiyo yenyewe."

Walipiga makofi, wakakumbatiana, mmoja akapiga ishara ya msalaba. Nilitia sahihi kwenye karatasi, mahali palipoandikwa mwonjaji. Kisha kijana wa matangi akaniletea simu, Jimena alikuwa kwenye laini.

"Imekuwaje?"

"Imekuwa ileile."

"Ileile kabisa?"

"Kabisa, binti yangu. Hakuna kilichokosekana."

Akaanza kulia kwa furaha, kwa kwikwi, kama alivyokuwa analia utotoni akiungua ulimi. Sikumkatiza. Nilishika simu sikioni mpaka alipomaliza.